Msuluhishi kaniandikia "hukumu" ya milioni 14. Nilipe?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Najenga Kibaha, nilimpa kazi mkandarasi mdogo kwa mkataba wa kurasa mbili. Boma lilipofika lenta tukakorofishana. Yeye anadai kazi za nyongeza kwenye msingi, mimi naona fedha zangu alizokwisha kula zinatosha. Jirani akatuletea msuluhishi. Tumekaa naye mara mbili tu, kisha akaniletea barua yenye muhuri: nilipe Sh 14,000,000 ndani ya siku 14, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Sijasaini chochote. Nifanyeje?

JIBU: Usilipe kwa kuogopa barua hiyo. Kwa deni la namna hii nyumba haipigwi mnada kwa muhuri wa mtu, hupigwa kwa amri ya mahakama.

Barua za aina hii zinaletwa mezani kwangu kila mara, na nimeshachoka nazo. Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kiswahili chetu cha sheria kimelitwika "usuluhishi" mizigo miwili. Kuna Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, iliyotungwa upya mwaka 2020. Huko anayewasikiliza ni kama hakimu mliyemchagua wenyewe: hutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa mwisho, na mahakama ikiridhia, tuzo hiyo hukazwa kama hukumu. Halafu kuna Mahakama Kuu Kituo cha Usuluhishi, ambako hata jaji mzima haamui nani mkweli. Anawakalisha tu mpaka mpatane wenyewe au mshindwe; huo hasa ni upatanishi. Wenzetu wa migogoro ya kazi, pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, jina lao angalau linatenganisha: usuluhishi kwanza, ukishindikana ndipo uamuzi. Sisi wa ujenzi tunakoroga vyote kwenye sufuria moja, na tapeli anajipakulia.

Kwa hiyo fungua mkataba wako leo. Kama kuna kifungu kinachosema mgogoro utaamuliwa kwa tuzo, au kuna karatasi yoyote mliyompa huyo bwana mamlaka ya kuamua, mwone wakili haraka kwa sababu siku za kupinga tuzo ni chache. Kama hakuna, ulichonacho mkononi ni maoni ya mtu yaliyopigwa muhuri. Kinachofunga katika upatanishi ni hati ya makubaliano ambayo wewe na mkandarasi wako mmeisaini, na wewe unasema hujasaini.

Lakini kuna kosa ambalo huenda na wewe umelifanya. Watu wanakuja kwenye kikao kumshawishi msuluhishi. Wanaleta mashahidi wa kuwasifia, wanaapa, mwingine analia. Mnamwimbia asiye na kura! Wa kumgeuza ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza, naye hageuzwi na kiapo, anageuzwa na vipimo.

Niliwahi kupewa mgogoro kama wako, watu wawili wamenuniana miezi kwa sababu ya msingi. Nilikataa kuwasikiliza ofisini. Tulienda saiti na tepu, tukachimba mashimo matatu pembeni ya ukuta. Kwenye kona ya nyuma tukakuta udongo mweusi wa mbuga, na mawe yameshuka karibu mara mbili ya kina kilichochorwa. Mwenye nyumba alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ndiyo yale mawe ya lori la pili." Kona nyingine mbili zilikuwa na kina kile kile cha mchoro, ingawa mkandarasi alikuwa amedai nyongeza kote. Naye akainamisha kichwa. Bei ya mita moja ya ujazo walikuwa nayo kwenye mchanganuo wao wenyewe, na hesabu iliyobaki ilitoshea nyuma ya bahasha. Mimi sikuamua chochote.

Huyo wako alipima nini? Kama ile 14,000,000 ni nusu ya alichodai mkandarasi, basi hakupima, amegawa. Mkandarasi mjanja akijua msuluhishi hugawa katikati, anadai mara mbili tangu mwanzo. Tena muulize analipwaje. Anayechukua asilimia ya kiasi kinachogombewa ana sababu ya kutaka kiasi kiwe kikubwa. Anayefaa hulipwa kwa kikao, na pande zote mbili huchangia.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mmekaa "kuzungumza kifamilia" na mkandarasi mwaka wa nne sasa: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi saa hiyo. Nimeona mtu akizungushwa kwa chai na ahadi hadi miaka ikaisha, siku iliyofuata simu haipokelewi. Mazungumzo yapeni tarehe ya mwisho, kwa maandishi.

Wewe wa Kibaha, mwandikie mkandarasi mkapime pamoja, kila mmoja na mkadiriaji wake wa gharama za ujenzi au mmoja mliyemkubali wote. Zege la lenta lisimwagwe kabla ya hapo. Ile barua usiichane. Akija mtu na tangazo la mnada, ipeleke polisi pamoja nalo.