Kabla Hujapiga Windows Mpya Maktabani

Wiki iliyopita mkutubi wa chuo fulani aliniandikia. Wameletewa kompyuta mpya zenye Windows 11, na WinISIS yao, programu ya orodha ya vitabu, imegoma. Kila akiibofya anajibiwa kwamba programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hiyo. Fundi aliyewafungia mashine amemshauri aisahau, aanze kuingiza vitabu upya kwenye Excel. Vitabu vyote! Nilimjibu papo hapo, ila naona jibu liwafae na wengine. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yanabadilisha mashine kwa pupa na simu yangu haitulii.

Kwa vijana wasioijua: CDS/ISIS ni programu ya UNESCO ya kutunza orodha za vitabu na nyaraka. Toleo la kompyuta ndogo lilitoka mwaka 1985, likiendeshwa kwa DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. WinISIS, yaani toleo lake la Windows, ilikuja baadaye. UNESCO iliigawa bure, ndiyo sababu ilienea sana kwenye maktaba za nchi maskini, za kwetu zikiwemo. Mimi ndiyo iliyonifundisha kazi. Wenzangu walikuwa wanashindana kwenye magemu, mimi nahangaika na fomati za kuchapishia kadi za katalogi. Wakanicheka. Leo wananipigia.

Sasa nieleze jambo linaloniuma hadi leo. Kuna chuo kimoja, sikitaji jina, kiliniita baada ya kununua mashine mpya. Mkutubi pale alikuwa mama mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu, na orodha yote ya maktaba aliichapa yeye kwa mikono yake. "Mwanangu," akaniambia, "wakishaifuta hii, mimi nitakuwa nilifanya kazi gani hapa?" Kijana wa kitengo cha kompyuta alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. "Bro, hiyo si ungeipeleka makumbusho tu?" Sikumjibu. Nikaketi. Kesho yake asubuhi mama akaandika jina la mwandishi, akabonyeza, rekodi zikashuka kama zamani. Alinishika mkono asiuachie. Kisha kikafanyika kikao, na shukrani zote zikaenda kwa kampuni iliyouza kompyuta. Jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Malipo nayo yalikuja kwa kusukumwa.

Haya, tuliache. Nilichokifanya si uchawi, na ninyi mnaonifuata hapa najua mnataka kufika mbali katika fani hii, kwa hiyo sikilizeni.

WinISIS ni programu ya biti 16, yaani iliyoandikwa kwa kompyuta za kizamani; Windows za leo ni za biti 64. Windows za biti 32 zilikuwa na sehemu iitwayo NTVDM, ambayo kazi yake ni kuendesha vitu vya zama hizo. Kwenye Windows za biti 64 sehemu hiyo haikuwekwa kabisa. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32, ndiyo maana wengine waliponea hapo. Windows 11 haina toleo hilo. Basi ukimwona fundi anabofya kulia, anafungua sifa za programu, anachagua ile hali ya kujifanya Windows 95, mwambie apumzike. Ile kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kuhusu umri wa Windows. Inasaidia programu nyingi za biti 32 zilizoandikwa enzi za Windows XP, nami huitumia, lakini biti 16 haigeuki kuwa 64 kwa kubembelezwa.

Dawa ni kuijengea programu nyumba ya uani: mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Weka VirtualBox, ambayo ni ya bure, na ndani yake piga Windows XP ya biti 32 kwa leseni yenu mliyokuwa nayo. Megabaiti 512 za RAM zinatosha. Kisha weka WinISIS humo. Kata intaneti ya mashine hiyo ya ndani, kwa sababu XP haijahudumiwa tangu Aprili 2014. Faili zipitishe kwenye folda ya pamoja, inayoonekana na mashine zote mbili.

Lakini kabla ya yote hayo, nakili data. Narudia, nakili data. Kijana anafika, anaona Windows imechoka, anafomati, halafu ndipo anauliza, "Kulikuwa na kitu humu?" Ukijiita fundi na huulizi kabla ya kufomati, wewe ni hatari kwa kazi za watu waliokutangulia. Kizazi hiki mnapenda kipya kwa sababu ni kipya, na mzee aliyechapa rekodi usiku kwa usiku mnamwona mshamba. Nakilini data jamani.

Chukua folda nzima. Ukilazimika kuchagua, usiziache faili za .MST, .XRF na .FDT: ya kwanza ina rekodi zenyewe, ya pili inaonyesha kila rekodi iko wapi, ya tatu inaeleza sehemu za rekodi. Zile za .CNT, .N01 na wenzake ni za faharasa ya utafutaji, na WinISIS inaweza kuzijenga upya, mradi faili la .FST lipo. Ukihamisha folda na hifadhidata ikawa haionekani, fungua SYSPAR.PAR kwa Notepad urekebishe njia zilizoandikwa humo.

Wenye toleo la DOS, DOSBox, programu inayoigiza DOS ndani ya Windows, itawatosha kwa kutafuta na kusoma. Kuprinti ndiko kusumbua, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya magemu. DOSBox-X ina printa yake. Mimi hutoa orodha kama faili la maandishi, nikaliprinti kutoka Windows, basi.

Mkitaka kuiacha ISIS kabisa na kuhamia programu nyingine, toeni rekodi kwa muundo wa ISO 2709, ambao ni wa kubadilishana rekodi za maktaba. Koha, programu ya bure ya maktaba, inausoma muundo huo, ila asiwadanganye mtu kwamba ni kubonyeza na kuondoka. Namba za sehemu hazifanani. Kwenye hifadhidata ya mfano iliyokuja na CDS/ISIS, ambayo wengi waliiiga, kichwa cha kitabu kiko sehemu ya 24 na mwandishi ya 70. Kwenye MARC 21, mpangilio wa rekodi unaotumiwa na Koha, kichwa ni 245. Mwandishi wa kwanza anaingia 100, wanaofuata 700, wakati ISIS iliwarundika wote kwenye 70 moja inayojirudia. Kaa na mkutubi wako, mwandike jedwali la namba hizi kwenye karatasi, kisha mjaribu kwa rekodi chache zenye waandishi wawili au watatu. Makosa mengi huwa hapo.