Zile nyumba za mawe za Australia zina wenyewe

Ndugu zetu, mmetumiwa picha za nyumba za mawe zisizo na mapaa huko Flinders Ranges, Australia Kusini, na sasa mnauliza: si mtu angeezeka tu akahamia? Hapana. Nchi ile ni ya Waadnyamathanha, wenyeji wake wa asili, tangu enzi na enzi. Walowezi walipewa na serikali haki ya kulisha mifugo juu yake, na magofu kama ya Kanyaka, shamba la mifugo la zamani, yanalindwa kisheria. Hata jiwe msiokote.

Na hata mngepewa bure, maji mngetoa wapi? Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, mpimaji mkuu wa ardhi George Goyder alichora mstari: kusini yake nafaka itastawi, kaskazini wafuge tu. Miaka ya 1870 mvua ilikuwa nzuri, watu wakaamini kwamba jembe ndilo linaloileta, wakalima ng'ambo ya mstari. Mji wa Farina ulianzishwa 1878 kwa tamaa ya ngano. Ukame ukarudi, ngano ikawashinda. Pale kwenye mstari mvua ni kama milimita 250 hadi 300 kwa mwaka. Dodoma, tunayoiita kame, hupata karibu mara mbili. Tena ikija huja kwa fujo: Hugh Proby, mwanzilishi wa Kanyaka, alikufa maji mwaka 1852 katika mafuriko ya kijito cha Willochra.

Gofu huanza kwa paa. Mabati na mbao zikishang'olewa, mvua huingilia juu ya ukuta, huosha udongo ulioshika mawe, na ukuta hufumuka kuanzia juu. Chini, chumvi hupanda na unyevu. Ukiziba kwa saruji umeua: unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hugandia ndani ya jiwe, uso wake ukamenyeka. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaujua ugonjwa huu. Dawa ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga 3. Kwangua viungo kati ya mawe, lowesha mawe kwanza, jaza chokaa, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua haishiki, hubaki unga. Ndiyo maana wanaojitolea kukarabati Farina hufanya kazi majira ya baridi, kuanzia Mei hivi. Januari joto hupita nyuzi 40.

Mkija kutembea, bebeni maji lita 10 kwa mtu kwa siku na magurudumu mawili ya akiba. Msiegemee kuta, na tazameni visima vilivyo wazi. Gari likiharibika, kaeni nalo: huonekana upesi kuliko mtu anayetembea.