Kuhusu mdogo wako na jeshi

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona nimemkatalia mdogo wako kwenda usajili wa makurutu, ilhali mimi ndiye niliyewafundisha kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa. Nilikujibu kwa mkato ukakasirika. Sasa nimetulia.

Wamkumbuka yule mama wa kibanda cha mboga hapa Eldoret, aliyekuwa akikuongezea dania bila kulipisha? Kijana wake alikuwa askari kwenye kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia. Al-Shabaab waliivamia alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Siku zile yule mama aliuza sukuma simu ikiwa mkononi. Ikilia, anamwachia mteja kisu na kutoka nje kuipokea. Jeneza lilipoletwa, halikufunguliwa.

Mwezi huohuo ikafanyika ibada ya kuwakumbuka, Moi Barracks, kambi ya jeshi ya hapa Eldoret. Marais watatu walifika: Uhuru Kenyatta, Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Hotuba zilikuwa nzuri, sikatai. Ila wamekufa wangapi, hatukuambiwa. Februari Rais huyo wa Somalia akasema kwenye televisheni kwamba ni karibu 200. Jeshi letu likakanusha, lakini idadi yake lenyewe halikuitoa. Chuo kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, mwaka mmoja nyuma, tuliambiwa waliokufa ni 148, tukalia tukijua tunawalilia wangapi. Wa El Adde tumewazika mmojammoja, kila kijiji na wake, na jumla hakuna anayeijua.

Uchaguzi wa 2017 mgombea ubunge mmoja alikuja sokoni. Nikanyoosha mkono. Katiba inataka Bunge liidhinishe majeshi yanapopelekwa nje kulinda amani, nikamwambia, basi ukiingia utauliza idadi ya waliokufa? Akacheka. "Mzee, hayo ni mambo ya usalama." Watu wakapiga makofi, kisha tukagawiwa mia mbili mbili. Yangu niliipokea, sitakuficha. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupanga foleni.

Mdogo wako anasema jeshini kuna mshahara wa uhakika, na kazi huku hakuna. Hapo sina la kumjibu. Usajili ni wiki ijayo. Vyeti vyake nimevificha chini ya godoro langu, naye anavitafuta nyumba nzima. Usimwambie kwanza.

Baba yako