Wati 5,000 za kwenye karatoni

Mfuko wa maswali ya sauti kutoka mitaa ya Lubumbashi umejaa tena, na nusu yake ni lile lile la wati. Nalijibu leo. Atakayeniletea tena kabla mvua hazijaisha, nitamnyamazia.

*Nina dola 250. Mjini nimeona komple ya mabafle matano na subwufa, karatoni imeandikwa wati 5,000 PMPO. Rafiki yangu naye anauza ampli ya okazioni, iliyokwishatumika, ya wati 50 pamoja na mabafle mawili ya mbao. Nichukue ipi? (Katuba)*

Ya rafiki, kama bado nzima. Ndugu, geuza hiyo komple usome kibandiko cha nyuma. Kama kimeandika 220 V, 80 W, hizo 5,000 zitatoka wapi? Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. PMPO si kipimo, ni pambo la karatoni, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Tafuta neno RMS, yaani wati inazotoa mfululizo bila kuchoka. Lisipokuwepo, muuzaji ana sababu.

Na hata wati za kweli zinawadanganya watu. Ukitoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, yaani sikio linasema "imepanda kidogo". Uliza bafle inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, mita moja mbele yake. Bafle ya 90 yenye wati 50 inalingana na ya 87 iliyopewa wati 100. Hapo ndipo pesa inapookolewa.

Komple ina ubaya mwingine. Mara nyingi prizi za mabafle yake ni za kwake peke yake, na mengi ni ya omu 3 au 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ambayo si kila ampli itayakubali. Siku boksi kuu lenye ampli likifa, umebaki na visanduku vitano vya plastiki vya kuwekea maua. Halafu tusemezane ukweli: filamu nyingi mnazojaziwa kwenye flash zina njia mbili tu za sauti. Mabafle ya nyuma yatasema nini?

Kabla ya kumlipa rafiki yako, vua vitambaa vya mabafle. Gusa ule mpira wa pembeni unaoshika koni. Ukiwa wa sponji na ukabaki vumbi kidoleni, umeoza, punguza bei. Kisha tandaza vidole, sukuma koni taratibu: ikikwaruza ndani, mwachie mwenyewe.

*Bafle ya magurudumu yenye mataa, nikiiunga na tele kwa bluetooth si ni sinema tayari? (Kenya)*

Hapana. Hiyo ni ya harusi. Midomo itasema, sauti itakuja nyuma yake. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, iunge kwa waya.

*Filamu ya flash inaonyesha picha bila sauti. Nilidhani mabafle ya tele yamekufa, nikanunua saundiba, bado kimya. (Kampemba)*

Umenunua dawa kabla ya kupimwa. Tele yako hutoa sauti kwenye habari? Basi haijafa. Filamu hiyo sauti yake imefungwa kwa DTS, namna mojawapo ya kubana sauti, na tele nyingi haziifungui. Samsung waliiondoa kwenye tele zao tangu 2018. Saundiba inangoja tele impe kitu, na tele haina cha kumpa. Mwambie kijana anayekujazia flash akupe yenye sauti ya namna ya AC3 au AAC, au chezesha kwenye kompyuta. Saundiba usiitupe, lakini waya wa HDMI uchomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC. Si lolote. Lililoandikwa ARC, ndilo linalorudisha sauti ya tele kwa saundiba.

*Waya wa mabafle wa bei ghali una faida? (Kamalondo)*

Mji huu unakula kwa shaba, malori yanaibeba kwenda mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, halafu sisi wenyewe tunauziwa aliminiamu iliyopakwa shaba juu! Kwangua ncha ya waya kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani, rudisha. Aliminiamu haifikii hata theluthi mbili ya shaba kwa kupitisha umeme. Waya laini wa umeme wa 2 × 1.5 wa shaba tupu, kutoka kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) yoyote, unatosha sebule ya kawaida. Wenye ncha za dhahabu waachie wenye migodi.

*Nimepewa ampli iliyotoka Japani. Stabilizateri ni lazima? (Ruashi)*

Baba, usichomeke kitu! Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, hapa ni 220. Mimi niliwahi kununua ampli ya rangi ya fedha, nzito kama jiwe la kusagia, muuzaji akaapa kwamba "inakula umeme wowote". Nilipochomeka ilisema tik, mara moja, kisha ikaja harufu ya samaki aliyeungua. Kibandiko cha 100 V nilikuwa nimekipangusa vumbi mwenyewe asubuhi ile. Tafuta transfoma ya kushusha kwanza, yenye nguvu mara mbili ya inachovuta ampli.

Stabilizateri, ndiyo, kwa kila mtu. Jioni mtaa ukiwasha reso za kupikia, balbu inakuwa rangi ya chai, na baada ya delestaji, mgao wa umeme, umeme unarudi kwa kishindo. Ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika tano. Pesa yake itoke ndani ya bajeti ya mabafle, si "mwezi ujao". Na radi haijui stabilizateri: mvua ikinguruma chomoa vyote, na waya wa antena pia.

*Watoto wanaongeza sauti hadi jirani analalamika, lakini maneno ya waigizaji siyasikii. (Bel-Air)*

Mama, nyumba yako ina karo (vigae) chini na kuta tupu, sivyo? Sauti inarukaruka humo kama mpira. Tandika zulia mbele ya tele, weka pazia zito. Shusha mabafle kutoka juu ya kabati, yawe usawa wa masikio ya aliyekaa. Kisha mnyang'anye mtoto telekomandi, uzime ile "besi kubwa" aliyoiwasha. Ndiyo inayomeza maneno, na ndiyo inayopita ukutani kwa jirani. Bafle la tatu la kununuliwa katika nyumba hii ni la katikati, chini ya tele, kabla ya subwufa yoyote.

*Subwufa iwekwe wapi? (Annexe)*

Iweke juu ya kiti chako, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa kwa magoti kando ya kuta. Inaposikika imara bila kuvuma, hapo ndipo pake. Funga mlango kwanza, wageni wasikukute hivyo.