Mtoto wa kangaruu si njiti

Ndugu yangu wa Muheza, umeuliza kama mtoto wa kangaruu ni njiti, maana hutoka mdogo kama harage. Hapana, siku zake zimetimia. Mimba ya kangaruu mwekundu huchukua siku 33 hivi tu. Kondo lake la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, ni la muda mfupi, kwa hiyo kazi kubwa ya kumkuza mtoto hufanywa na maziwa. Anazaliwa kipofu, hana manyoya, uzito haufiki gramu 1. Lakini mikono yake ina nguvu! Hujikokota mwenyewe juu ya manyoya ya mama mpaka mfukoni, akaing'ang'ania chuchu. Humo hukaa miezi kama 8.

Mbuzi ni kinyume. Juzi hapa Pongwe mbuzi wangu alizaa alfajiri. Mama hajamaliza kumlamba, mwana keshasimama, miguu inatetemeka, anatafuta kiwele. Miezi 5 yote alilishwa kupitia kondo la nyuma, lile lililoanguka baadaye likiwa na vifundo vyekundu. Ila usidhani kila mnyama ambaye kondo lake hulisha mimba yote huzaa mtoto mkakamavu. Panya wa stoo huzaa vitoto uchi, macho yamefumba.

Anayenishangaza kuliko wote ni platipasi, mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata. Huyo hutaga mayai, kwa kawaida mawili, huyaatamia siku kama 10, kisha hunyonyesha bila chuchu: maziwa hutoka kwenye ngozi ya tumbo, watoto wakayalamba hapo hapo.