Re: Naweza kufanya projekti ya virukanjia nikiwa Mwanza?

Dogo wa Buhongwa, umeuliza kama hao virukanjia (vinyama vidogo kama panya, vyenye pua ndefu, vinavyokula wadudu) wanaoingia jikoni kwenu ndio walewale wa misitu ya milimani. Hapana aisee. Wa huku wanavumilia mashamba na majumba, ila kule milimani kuna ambao hawaendi popote. Ile milima fikiria kama visiwa vya Ukerewe na Ukara, joto la mabondeni ndo maji yao, hawavuki, kwa hiyo milima kadhaa imejitengenezea wake. Milima ya Udzungwa peke yake ilitoa spishi mpya moja mwaka 2000 na nyingine mwaka 2005, sasa msitu ukikatwa pale hao hawana pa kukimbilia. Njule (sengi) wa Udzungwa aliyetangazwa 2008 usimchanganye humo, huyo anafanana nao kwa pua ndefu tu, ukoo mwingine kabisa.

Mtego wa panya achana nao, wengi uzito wao ni mdogo mno hawaufyatui. Fukia ndoo usawa wa ardhi, tandaza nailoni kama kiukuta cha kuwaelekeza, toboa chini maji ya mvua yatoke, na ukague asubuhi mapema na jioni maana wakikosa wadudu saa chache tu wanakufa. Anzia hapo Mwanza kwanza, Udzungwa kibali anza kukifuatilia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) mapema, usisubiri likizo.