Kabla Hujalipia Programu ya Kusimba Data za Ofisi

Wateja wangu wengi ni ofisi ndogo: wahasibu, mawakili, zahanati. Huniuliza programu ipi ya kusimba, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila nywila au ufunguo, ni imara. Mimi huanza na leseni, maana programu nyingi ni bure kwa mtu binafsi tu. Ukiitumia kuandalia ankara za kampuni unatakiwa kulipa, hata kama inafanya kazi bila kukudai chochote.

Mambo haya hayakuanza leo. PGP 2, programu ya kusimba barua pepe ya miaka ya 1990, ilitumia kanuni ya kusimba ya IDEA yenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutoza wanaoitumia: mtu binafsi alisamehewa, kampuni ikatakiwa kulipa. GnuPG, programu ya kazi hiyohiyo iliyofikia toleo 1.0 mwaka 1999, iliikwepa IDEA na kutoka chini ya GPL, leseni huria inayomruhusu yeyote kuitumia. Ofisi yako inaweza kuiweka kwenye kompyuta moja au mia bila senti. Wenye kuhitaji kuwa makini ni watengeneza programu. Ukichukua msimbo (maandishi ya programu) wa GPL ukauunganisha na programu unayouza, mnunuzi ana haki ya kupata msimbo chanzo, wa kwako ukiwemo. Ukitaka kuficha wa kwako, tafuta maktaba (msimbo uliotengenezwa tayari wa kuunganisha na programu yako) yenye leseni mbili, ya GPL na ya kibiashara, kama wolfSSL, ulipie ile ya kibiashara, au tumia OpenSSL, ambayo tangu toleo 3.0 la mwaka 2021 iko chini ya Apache 2.0, leseni isiyokulazimisha kutoa msimbo wako.

Kwa mafaili ya kutuma kwa barua pepe, 7-Zip inatosha: inasimba kwa AES-256, kanuni imara ya kusimba, na biashara haitozwi. WinRAR inakupa siku 40 za majaribio, halafu ununue. Kwa diski nzima, VeraCrypt ni bure hata ofisini.

BitLocker, programu ya Microsoft ya kusimba diski, ndiyo huwachanganya watu. Haiuzwi peke yake. Inakuja na Windows Pro, ilhali laptopu nyingi za bei nafuu zina Home. Ukiwa bado dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome kama ni Home au Pro. Kuhama kutoka Home kwenda Pro ni dola 99 kwenye duka la Microsoft la Marekani, kwa kila mashine. Kwa laptopu kumi, hiyo si pesa ya chai.

Na ukiletewa programu ya malipo ya mwaka, uliza wanahesabu watumiaji au vifaa. Kisha wakujibu kwa maandishi: siku ukiacha kulipa, mafaili yaliyokwisha kusimbwa yatafunguka?